Damu Ilirudi, Namba Zikabaki

Usifungue friza kabla hujajua unachokifuata. Hilo ndilo la kwanza, na mkisinzia kabla sijafika mwisho, basi angalau mwondoke na hilo. Mtu akifungua mlango ndipo aanze kufikiri, baridi inatoka, kengele inalia, na mkubwa wake anatokea amefura. Jua kwanza kasha liko rafu gani, vaa glavu, halafu ndiyo ufungue. Na ukiwa ndani ya kazi hiyo usipige soga, hata na rafiki yako.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi za hospitali na utafiti hapa London. Mjukuu wa dada yangu, Rukia, ni mmoja wenu. Alikuja kwangu Thornton Heath kula wali, akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini ulimi haukitaki, "Bibi, hasa wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia nilikuwa mlinzi wa damu za watu. Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Nimekaa karibu umri wangu wote wa kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya jengo moja la utafiti ambalo halina haja ya kutajwa, nikitunza vichupa vya damu kwenye mafriza. Joto la mikono sikulijua mpaka nilipostaafu.

Aliyenifundisha ni Bi Hansa, Mhindi wa Kisumu aliyekuja Uingereza akiwa msichana. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko, na yeye Kiswahili chake hakikumtoka hata siku moja. Tukiwa wawili alikuwa akinisemesha Kiswahili, hasa akitaka kumsema mtu aliyesimama mbele yetu. Mambo madogo yote nimeyapata kwake. Stika ibandikwe kabla kichupa hakijaingia kwenye baridi, maana kikishaganda haishiki kitu. Kalamu ya wino wa kawaida usiitumie, tone moja la spiriti linafuta jina la mtu. Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, inakuwa hewa, kwa hiyo kasha lake usilizibe kabisa, litapasuka likutie aibu au likutie hospitalini. Siku hizi kuna stika za mistari na mashine ya kuzisoma, na nyinyi mtaniona wa kizamani. Haya, ngojeni siku umeme ukatike.

Kulikuwa na daktari mmoja kijana, mwepesi wa miguu, aliyezoea kuweka chakula chake cha mchana kwenye jokofu la sampuli. Ati jokofu la jikoni lilikuwa limejaa. Bi Hansa hakugomba. Alichukua lile bakuli, akalibandika stika, akaliingiza kwenye kompyuta kama sampuli, akafunga. Saa ya kula daktari akaja. Bi Hansa akamwambia, "Hii sasa ni mali ya utafiti. Kuitoa kunahitaji idhini ya mwenyewe." Yule akasema mwenyewe ni yeye. "Unaweza kuthibitisha?" Maskini, alisimama pale na njaa yake akijaribu kuthibitisha kwamba tambi zile ni zake. Nilicheka mpaka machozi. Alipokwisha kumpa, Bi Hansa akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Huyu leo amejua. Wenye damu nao wangependa kuulizwa hivyo hivyo." Mimi wakati ule nilisikia mzaha tu.

Sasa niwaeleze kuhusu watu wa milimani.

Ni jamii ya wafugaji kutoka Kenya. Jina lao silitaji, wala majina ya watu wao niliyoandika hapa si yao. Wenyewe waliniomba hivyo, na mtu akikuomba kitu chepesi namna hiyo unampa. Kwa kuwa mimi nimezaliwa Mombasa, kila kilichotoka Kenya nililetewa mimi. "Watu wako," wakubwa wangu walikuwa wakisema. Watu wangu! Lugha yao siijui hata salamu, na wao bahari wameiona kwenye picha. Lakini mzungu akishakupa watu, huwezi kumrudishia.

Kwenye jamii hiyo figo zinaua, na zinaua hata vijana. Profesa mmoja wa jengo letu, nimwite Profesa Graham, alikwenda kule na wenzake wakachukua damu ya watu wengi ili wajue sababu. Waliulizwa, wakakubali, wakatoa mikono. Damu ikaja kwetu, nikaipokea mimi, nikaipanga. Mpaka hapo hakuna aliyekosewa. Profesa mwenyewe hakuwa mtu mbaya, wala msimfanye mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kwamba wema wake unatosha, na watu wa namna hiyo mtakutana nao sana.

Baadaye wenzake wa mahali pengine wakamwomba damu ile ile kwa kazi nyingine. Walitaka kujua asili ya watu hao, walitoka wapi zamani, wamechanganyika na nani. Profesa akaona hakuna ubaya, damu ipo, friza inakula umeme bure. Ila kanuni zilimtaka akaombe upya. Akasafiri, akasimama mbele ya baraza lao, akaeleza, akauliza kama wanaridhia. Baraza likakaa kimya. Akashukuru, akapiga picha na wazee, akarudi London akaandika kwenye ripoti yake kwamba hakuna aliyepinga.

Nami nawaambia kweli, kama ningetumwa mimi ningeandika hivyo hivyo. Kwetu pwani mwari huulizwa kama anamtaka mume, na akinyamaza shangazi zake wanapiga vigelegele. Kunyamaza ni kukubali, tumekua nalo hilo.

Kamati ya maadili ya jengo letu, wale wanaopitisha au kukataza utafiti, ikataka kabla damu haijatoka aje mtu wa jamii yenyewe akae kikaoni. Akaja Salome. Alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, anayetembea nyumba kwa nyumba, na baraza lilimwamini. Hoteli aliyopangiwa ilikuwa Hayes, ndege zikipita juu ya paa, na alipofika akakuta chakula cha pale ni mkate wenye jani ndani. Nilipomwona siku ya kwanza uso umemshuka nikamwambia, "Wee, beba mkoba wako, twende kwangu." Akakaa kwangu wiki nzima, ananiita Dada Zuhura, ananioshea vyombo nikimkataza.

Kikao kilikuwa cha Kiingereza, na Salome Kiingereza anakijua, alikuwa hahitaji mkalimani. Mimi na Bi Hansa tuliitwa kwa sababu ya mafriza. Mwenyekiti akasoma ripoti ya Profesa. Alipofika pale pa "hakuna aliyepinga", Salome akaomba aisome tena. Ikasomwa tena.

"Profesa," Salome akasema, "ulikuwa mgeni wetu. Tulikuchinjia. Mgeni hakatazwi usoni, ni kumtukana. Kwetu neno huwekwa katikati ya watu. Likiokotwa na mtu akalisema tena kwa mdomo wake, limekubaliwa. Lisipookotwa na mtu, limekataliwa. Lako liliachwa chini mpaka ukaondoka. Sisi tulidhani umeelewa, maana ulitushukuru."

Profesa akawa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza, na nadhani aliuliza kwa nia safi, kwa nini wakatae. Ni historia tu, itamdhuru nani?

"Kuna kesi ya ardhi," Salome akajibu. "Kuna watu wanataka tutoke kwenye malisho yetu, wanasema sisi ni wapitaji. Mkiandika kwenye vitabu vyenu kwamba babu zetu walitoka kwingine, karatasi hiyo itafika mahakamani kabla haijafika kwetu. Kila mtu duniani alitoka kwingine. Lakini ni sisi tutakaofukuzwa."

Mwenyekiti akasema basi, kazi ya asili ifutwe. Mimi nikadhani yamekwisha, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Hata! Profesa akasema kwamba fedha za utafiti zilikuja kwa sharti, kazi zote mbili pamoja. Kama jamii inaondoa damu kwenye moja, imeondoa kwenye zote. Utafiti wa figo nao utasimama.

Hapo nilikasirika, nawaambia bila kuficha. Nilikasirika kwa sababu nilijua jambo ambalo wale kwenye meza hawakulijua. Salome alikuwa ameniambia jana yake, tukimenya ndizi. Binti yake Tabitha, aliyeolewa juzi tu, alikuwa mgonjwa wa figo. Damu yake ilikuwa mle mle, kwenye friza langu. Kama kulikuwa na mtu aliyehitaji utafiti ule uendelee, ni yule mama aliyekuwa akiambiwa achague.

Salome hakusema habari za binti yake. Akaomba muda mpaka kesho.

Asubuhi yake jikoni kwangu nikamwambia nililokuwa nalo moyoni. "Mfikirie mwanao kwanza. Mambo ya ardhi yana wanasheria. Figo ya mtoto haina mwanasheria." Naye akachukua simu akampigia Tabitha, akamweleza yote kwa lugha yao, kisha akaniwekea simu sikioni.

"Mama Zuhura, shikamoo," sauti ikaniambia kwa Kiswahili kizuri cha shuleni. "Asante kwa kumtunza mama. Lakini mimi naumwa figo, siumwi kichwa. Nikipona halafu tukafukuzwa, nitaishi wapi na hiyo afya? Mwambieni huyo profesa arudishe damu yetu. Yangu iwe ya kwanza."

Nikamwambia marahaba, mwanangu. Nilisonga ugali siku hiyo ukaungua.

Kikaoni Salome akasema zirudi zote. Kwao mtu huzikwa mzima, na kilichotoka mwilini mwake hakiachwi ugenini kikizungukazunguka. Kanuni zetu zilisema taka za hospitali huchomwa, na Salome akasema kuchoma hapana. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi, vibali hapa na vibali kule, na Bi Hansa akizipiga simu zile kwa sauti ya mtu anayedai bei ya kitambaa chake. Mwisho tukakubaliwa kuzipeleka kwenye hospitali ya kwao, zikapitishwe kwenye mashine ya kuua vijidudu, kisha wazee wapewe wakazike. Nilizipakia mwenyewe kwenye barafu kavu. Ile ya Tabitha niliitoa ya kwanza kama alivyosema.

Lakini kabla ya hapo, siku Salome anafunga mkoba, aliuliza swali ambalo ndilo hasa lililonifanya niwaandikie. Tulikuwa chumbani kwa mafriza, yeye, mimi, Bi Hansa na Profesa. Akauliza, "Na zile namba?"

Profesa akauliza namba zipi.

"Mliisoma damu. Mashine zenu zimeandika mlichokiona ndani. Figo ya nani ikoje, nani karithi nini kwa nani. Damu inarudi, mmekubali. Hayo mliyoyaandika yanarudi na nani?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Kwenye kanuni za jengo letu wakati ule damu ilikuwa ya mwenye mwili, na namba zilikuwa za aliyezisoma. Sote tulikuwa tumeizoea kanuni hiyo. Profesa akasema, pole pole, kwamba data haichukui nafasi, haimdhuru mtu, majina yamekwisha ondolewa.

"Jina la mtu mmoja mmeliondoa," Salome akasema. "Jina la sisi wote liko pale juu ya faili. Nimeliona."

Bi Hansa akavuta kiti akaketi, na kuketi kwake kulikuwa na maana. Akamwambia Profesa, "Graham, lile bakuli la tambi unalikumbuka?" Profesa alikuwa akikijua kisa, jengo zima lilikijua. Akacheka kidogo kisha akaacha kucheka. Na hapo, nimpe haki yake, nilimwona mtu akibadilika mbele ya macho yangu. Akamuuliza Salome, "Mngependa tufanyeje?" Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo kabla ya kutoa jibu lake mwenyewe.

Salome hakujibu siku ile. Alikwenda nalo nyumbani, akaliweka katikati ya baraza, na baada ya miezi jibu likaja. Faili lifungwe. Likae London kwa kuwa kwao bado hakuna mahali salama pa kulitunza, lakini mwenye kauli juu yake awe baraza. Asilifungue mtu, asilinakili, asilihesabu hata kwa nia njema, mpaka mtu wa baraza aseme ndiyo kwa mdomo wake. Na siku watakayokuwa na mahali pao, lihame. Jengo letu lilisumbuka sana na jibu hilo. Wanasheria walinuna. Lakini likaandikwa, likawekwa sahihi, na kwa ninavyojua ndilo la kwanza la namna hiyo kupita kwenye chumba changu. Baadaye yalikuja mengine, kutoka jamii nyingine za nchi nyingine, nasi tukawa tunajua la kufanya.

Nyinyi mnafundishwa hayo siku hizi darasani, Rukia ananiambia. Mnaonyeshwa kwenye skrini kwamba jamii za asili zina mamlaka juu ya data zao, mnajibu maswali, mnapewa cheti. Vizuri. Ila cheti hakitakuambia baraza fulani linakataaje. Hilo utakwenda kuliuliza, tena umuulize mtu wa pale kabla hujasimama kuhutubia: kwenu mtu akikataa hufanyaje? Uliza pia ni nani asiyekuwepo barazani. Sema waziwazi kipi kinaweza kurudishwa na kipi kikishachapishwa hakirudi tena, usiwadanganye kwa kuwaonea haya. Kisha nenda zako, uwaache. Jibu linalotolewa mbele yako upesi upesi mara nyingi ni adabu tu.

Utafiti wa figo ulikuja kuanza tena, safari hii kwenye hospitali ya kule kule, baraza likiwa na viti kwenye kamati. Profesa alikwenda, akaomba, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Mara ya pili mzee mmoja alilisema tena neno lake kwa mdomo, na Profesa akaniandikia barua pepe siku hiyo hiyo, ndefu, yenye furaha ya kitoto. Kazi ile inaendelea mpaka leo, na inakwenda polepole. Watu huniuliza kama ingekwenda haraka zaidi kwa njia ya zamani. Ndiyo, ingekwenda haraka zaidi. Sitawaambia uongo.

Mwaka huu, nikiwa nimekaa kwa daktari nasubiri kuitwa kwa ajili ya magoti yangu, simu ikalia. Salome. Nilijua kwa jinsi alivyosema jina langu.

"Dada Zuhura, Tabitha ametuacha."

Nilitoka nje nikasimama barabarani. Nililia pale mbele ya kituo cha basi, watu wakanipisha. Sikuwahi kumwona yule binti hata siku moja. Sauti yake ndiyo niliyokuwa naijua, na ule uhodari wake.

Salome akaniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Kuna kitu chake chochote kimebaki huko?"

Nikamwambia damu hakuna, niliitoa kwa mikono yangu. Zimebaki namba zake, ndani ya faili. Nikamwambia nimestaafu lakini ofisi iko pale, na neno ni lao. Wakitaka zifutwe, nitapiga simu hiyo saa hii na zitafutwa leo. Akasema ngoja, si langu peke yangu.

Walimzika. Siku kadhaa baadaye akanipigia tena, sauti imetulia.

"Tumekaa," akasema. "Msizifute. Tabitha ameacha watoto wawili, na figo za ukoo ule tunazijua. Kuna siku daktari wao atahitaji kujua mama yao alikuwaje. Wala msizifungue sasa. Watoto wakikua, mje muwaulize wenyewe."

Nikamwambia tutakuja. Lilinitoka hivyo hivyo, tutakuja, kama msichana. Nikakaa na simu mkononi nikipiga hesabu. Mdogo bado ananyonya. Mkubwa ndiyo kwanza anajua kufunga viatu. Mimi magoti haya hayanifikishi hata kituo cha treni, Bi Hansa tumekwisha msindikiza safari yake ya mwisho, na Profesa ni mzee kunishinda.

Majina ya watoto siwapi. Mtayapata kwao, mkishaomba. Lakini ahadi nimeitoa kwa niaba yenu bila kuwauliza, na kwa hilo mniwie radhi. Mtakaokwenda ni nyinyi.